MEZA YA POOL IKIKATAA SARAFU

Kikundi kikiwa na meza ya pool kama mradi, meza hiyo huleta pesa siku inayocheza tu. Mchezaji anaweka sarafu, anasukuma ulimi wa chuma, mipira inashuka. Ikikwama, kumleta fundi kutoka Lodwar mpaka huku Nariokotome kunakula faida yote. Basi tuangalie wenyewe kwanza.

Adui wetu ni mchanga, ule upepo wa ziwa unaotuletea. Wengi hukimbilia oili. Jamani, msitie! Oili ikishikana na mchanga inakuwa uji mzito, na kesho ulimi hausongi kabisa.

Kisanduku kifunguliwe mbele ya mweka hazina, pesa zihesabiwe, ndipo kazi ianze. Toeni ulimi, mpanguse kwa burashi kavu, kisha msugue unga mweusi wa ndani ya penseli. Huo unatelesha bila kushika vumbi. Tazameni pia kama kuna sarafu iliyopinda, au kifuniko cha soda kilichotiwa na mjanja fulani.

Ulimi ukiingia vizuri lakini mipira isishuke, kagueni chuma kinachovuta mlango wa mipira: kimepinda, au nati imelegea. Ulimi usiporudi, ni springi.

Na mpira mweupe ukifungiwa ndani pamoja na mingine? Pengine mlinunua usiofaa. Meza huutambua kwa ukubwa, uzito au sumaku, kulingana na aina yake. Mkienda Lodwar au Kakuma kununua mwingine, bebeni ule wa zamani mkaulinganishe.