Shangazi wa Chome katika kijiji cha Waswidi

Shangazi yangu ni mtu wa Chome, Upareni, chini ya msitu wa Shengena, na lugha zake ni mbili: Chasu, yaani Kipare, na Kiswahili. Binti yake alipojifungua Stockholm, alikwenda kumsaidia kulea. Mimi nilikuwa huko kikazi, nikapewa zamu ya kumtembeza shangazi. Nikachagua Skansen, kwa kuwa makumbusho mengine ni vioo na maandishi, na maandishi ya Kiswidi yangemfaa nini?

Skansen iko katika kisiwa cha Djurgården. Artur Hazelius aliifungua mwaka 1891, baada ya kuona viwanda vinafuta maisha ya vijijini. Alinunua nyumba za wakulima, zikabomolewa gogo kwa gogo na kusimikwa upya kilimani. Leo kuna majengo yapatayo 150, na wahudumu waliovaa mavazi ya zamani hufanya kazi za zamani mbele ya wageni. Mfano huo umeigwa dunia nzima. Hata Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, ambacho wengi wetu tunakijua zaidi kwa stendi ya daladala, ni cha ukoo huo.

Nilijiandaa kuwa mkalimani kwa kusoma vibao vya Kiingereza. Shangazi hakunipa nafasi. Alifika kwenye ghala la mbao la Vastveit, lililotoka Norwei na kujengwa karne ya 14, akainama kuchungulia uvunguni. Ghala limeinuliwa juu ya nguzo. "Panya," akasema, akasonga mbele. Mimi nilikuwa bado niko sentensi ya pili.

Kwenye nyumba moja mama mwenye aproni ndefu alikuwa akioka mkate mwembamba kama chapati, tanuri likiwaka kuni. Shangazi alisogea, akashika unga kwa vidole viwili, akausugua, akatikisa kichwa: maji kidogo. Mwenyeji akacheka, akampa mti wa kusukumia. Mmoja alisema Kiswahili, mwingine Kiswidi, na hakuna aliyenigeukia. Mkate wa pili ulitoka mwembamba kuliko wa kwanza, ingawa sikuthubutu kusema ni wa nani.

Lakini mikono nayo ina mwisho wake. Ndani ya chumba cha kulala, mbele ya kitanda kilichojengewa ukutani, aliuliza wenye nyumba hiyo walitambikia wapi, na wafu wao walizikwa upande gani. Hayo hayaulizwi kwa ishara. Nilijaribu kwa Kiingereza, tukajibiwa kwa adabu kuhusu aina ya mbao. Jioni wahudumu walifunga milango, wakaenda kupanda basi. "Kumbe hakuna anayelala humu!" alishangaa.

Kwetu Upareni mambo yamegeuka: watu wanalala humo, ila hakuna anayewaonyesha wageni. Chukua ndiva. Ni bwawa dogo la jadi la umwagiliaji. Maji ya kijito huachwa yajae usiku, asubuhi mlango unafunguliwa, nayo yanashuka kwa mifereji hadi mashambani, kila mkulima kwa zamu yake. Ile ya Manoo, kijiji cha Bangalala, imeandikwa sana na wataalamu wa maji kutoka nje, wakati magari ya Dar kwenda Arusha yanapita bondeni pasipo abiria kujua ipo. Au chukua Washana, ukoo wa wahunzi. Mchanga wenye chuma ulichekechwa kwenye vijito, ukayeyushwa kwa mkaa na mivukuto ya ngozi, na chuma hicho kikauzwa hadi Uchagani, ambako hakikuchimbwa. Profesa Isaria Kimambo aliyaandika hayo kwenye kitabu chake cha historia ya Wapare, kilichotoka mwaka 1969. Wangapi kati yetu tumekifungua?

Watu wa Mbaga, huko huko Upareni, wamejitahidi. Wageni hupelekwa hadi jiwe la Malameni, ambako wazee wanasimulia kuwa watoto walitolewa kafara. Hapo ukiwa huna msimulizi utaona jiwe tu.

Na mgeni asiyejua lugha si lazima awe Mzungu. Watoto wetu waliozaliwa Dar hupanda milimani Desemba, wakakaa sebuleni na simu huku bibi akiongea Chasu jikoni. Kwao wilaya yetu ya Same ni ughaibuni.

Sitaki halmashauri ijenge kijiji cha maonyesho chenye nyasi mpya na geti la tiketi. Ndiva zipo na zinafanya kazi. Kinachohitajika ni vijana wa vijijini waliofunzwa kusimulia kwa Kiswahili fasaha, na kikao na kamati za maji ili mgeni asiwe kero kwa mkulima. Wazazi nao wasisubiri. Desemba hii waamsheni watoto alfajiri, muwapeleke kuona mlango wa ndiva ukifunguliwa. Muombeni ruhusa kwanza mwenye zamu, na mchukue masweta.