Bamba la shabaha: Usiuziwe chuma laini kwa bei ya chuma kigumu

Laza mabamba mawili ya chuma kwenye sakafu ya ghala, unene mmoja, kutu moja. Kwa macho hutayatofautisha. Moja ni chuma cha kawaida, kile cha mageti na vitanda. Jingine ni chuma kilichokaushwa kiwandani kwa moto na maji hadi kikawa kigumu kupindukia, na bei yake iko juu zaidi. Kwa mfanyabiashara anayevusha chuma Namanga au Busia, kuyachanganya ni hasara. Kwa mteja anayekwenda kulipiga risasi, ni hatari ya kupoteza jicho.

Shabaha za chuma zimeenea sana Marekani, ambako walengaji hufanya mazoezi ya bunduki kwa umbali wa mita 300 hadi 1,000 na zaidi. Sababu ni rahisi: risasi ikigonga chuma, mlengaji husikia mlio. Hana haja ya kutembea kilomita nzima kwenda kukagua karatasi.

Katika ukanda wetu wateja wa shabaha ni wachache, lakini wapo. Tanzania ina kampuni za uwindaji wa kitalii, ambako bunduki hupimwa kabla ya kuingia porini. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ila ina walengaji wa michezo. Soko kubwa la chuma hichohicho liko kwenye mabodi ya tipa, mitambo ya kokoto na migodi. Anayejua kuchagua bamba la shabaha hatadanganywa na bamba la tipa.

Jambo la kwanza ni ugumu, unaopimwa kwa kipimo cha Brinell. Chuma cha kawaida huwa kati ya 120 na 150 hivi. Shabaha ya bunduki huhitaji takriban 500, na sokoni chuma hicho huitwa AR500. Hardox 500 ya kampuni ya SSAB ya Sweden iko kwenye daraja hilo. Risasi ya bunduki huchimba shimo kwenye chuma laini, na risasi inayofuata ikiingia shimoni, vipande hurudi kwa aliyefyatua. Kwenye chuma kigumu, uso hubaki bapa na risasi husambaratika pembeni.

Jambo la pili ni unene. Milimita 10 hutosha kwa bunduki nyingi za kawaida, na milimita 12 kwa zile zenye nguvu zaidi. Hapa piga hesabu ya usafiri: kipande cha sentimita 30 kwa 30 chenye milimita 10 kina uzito wa kilo 7 hivi, na bamba zima la mita 1.2 kwa 2.4 hukaribia kilo 226.

Tatu ni ukataji. Fundi akikata kwa gesi, joto hulainisha kingo, na fedha uliyolipia ugumu inapotea papo hapo. Tafuta karakana inayokata kwa maji yenye shinikizo au kwa leza. Usikubali pia kuchomelea ndoano usoni mwa bamba. Litobolewe juu, lining'inizwe kwa bolti na mkanda mzito wa mpira, uso ukiinamia mbele kidogo ili vipande vya risasi viangukie chini.

Mweleze mteja masharti bila aibu: asifyatue bunduki akiwa karibu zaidi ya mita 100, asitumie risasi zenye kiini cha chuma, na kila aliyepo uwanjani avae miwani ya kinga. Bamba lililochimbika au kupinda litolewe.

Utajuaje kama muuzaji ni mkweli? Dai cheti cha kiwanda, kisha linganisha namba iliyoandikwa humo na ile iliyogongwa au kupakwa kwenye bamba. Kama cheti hakipo, beba kipande cha chuma cha kawaida, gonga panchi juu ya vyote viwili kwa nyundo ileile na ulinganishe vishimo. Kwenye bamba gumu alama huwa ndogo mno, na keekee ya kawaida hupata taabu kulitoboa. Kipimo hicho hakifikii maabara, lakini huwaumbua matapeli wengi.

Mpakani kuna mtego mwingine. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Bamba la Sweden au China halibadiliki kuwa la Kenya kwa kununuliwa Nairobi. Mpe wakala wa forodha hati zote za awali, apige hesabu ya ushuru kabla gari halijaondoka. Na mteja akikuomba umbebee risasi chache za kujaribia, kataa. Bamba ni chuma tu, lakini risasi ina sheria na leseni yake katika kila nchi.

Rahisi ni ghali, wahenga walisema. Mteja wa tipa akiuziwa chuma laini atarudi kudai fedha zake. Wa shabaha huenda akarudi akiwa na jicho moja.