Nembo Iliyosajiliwa Kigali Mbele ya Mlango wa Barua Pepe

MJI wa Gisenyi, ulio makao ya Wilaya ya Rubavu, ni mji uliozoea kazi ya kutambua watu. Katika njia zake mbili za kuvukia kwenda Goma, ile ya Corniche iliyo kando ya Ziwa Kivu na ile ndogo ambayo wengi huiita Petite Barrière, mpitaji hatambuliwi kwa uzuri wa koti lake. Huombwa kitambulisho, nacho hulinganishwa na sura yake. Ndugu zetu waliokwisha kushika lindo la usiku wanajua vema kwamba beji ya kofia yaweza kushonwa na fundi yeyote, lakini neno la siri la zamu halishonwi.

Tuliyakumbuka hayo tulipomtembelea mzee mmoja, sajini mstaafu, ambaye baada ya kuvua sare alirudi kwao katika tarafa ya Nyamyumba, pande za kiwanda cha bia cha Bralirwa, akashika kilimo cha kahawa. Huikaanga mwenyewe, huifunga katika mifuko yenye picha ya ngoma na tawi la mbuni, na humwuzia mnunuzi mmoja wa Ulaya. Msimu uliopita mnunuzi huyo alipokea barua pepe yenye ngoma ile ile na tawi lile lile, ikitoka katika anwani ile ile ya mzee, ikimwarifu kwamba akaunti ya benki imebadilika. Akalipa. Fedha za mzigo mzima zikaenda zisikojulikana.

“Afande,” alitwambia huku akiuonyesha ukuta, “nembo hii niliisajili kwa fedha yangu, na cheti ndicho hicho. Mwizi amewezaje kuivaa?”

Swali lake ni la haki, na jibu lake halina faraja nyingi. Usajili wa alama ya biashara, ambao hapa Rwanda hufanywa na Msajili Mkuu katika RDB, humpa mwenye alama haki ya kuitumia peke yake kwa miaka 10, na akiihuisha, kwa miaka 10 mingine, na kadhalika. Ni silaha ya mahakamani. Haifungi mlango wowote wa posta. Mwizi aliyenakili picha ya ngoma amevunja sheria, naam, lakini kompyuta iliyoipokea barua yake haikuwa na habari ya cheti kilichotundikwa Nyamyumba.

Ndipo kijana wa mzee, aliyesoma mambo ya mitambo hiyo, alipotujulisha utaratibu uitwao BIMI. Kwa utaratibu huo, nembo ya mwenye kupeleka barua huonekana kando ya jina lake katika kisanduku cha mpokeaji, mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kuipachika kwa mkono. Gmail ilianza kuukubali mwezi Julai 2021, Apple ikafuata mwaka 2022, na tangu Mei 2023 Gmail huongeza alama ya vema ya buluu. Ili nembo ionekane hivyo katika Gmail, shahidi wa tatu sharti atoe hati. Hati ya daraja la juu huitwa VMC. Shahidi huyo huhakikisha kwamba kampuni ipo kweli, kwamba anwani ya mtandao ni yake, na kwamba nembo imesajiliwa kuwa alama ya biashara. Gharama yake katika makampuni makubwa yatoayo hati hizo imekuwa zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka, kiasi ambacho kwa mkulima mdogo si cha mzaha.

Kijana alituma maombi. Yakakataliwa. Mzee alidhani amedharauliwa, nasi tukataka kujua sababu.

Jambo la kwanza linalotazamwa ni hali ya usajili. Alama ambayo maombi yake yangali mezani kwa msajili haifai, hata kama mwenyewe ameanza kuichapa mifukoni. Iliyokwisha muda haifai. Jina tupu lisilo na mchoro halifai kwa hati hiyo, maana kinachothibitishwa ni picha. Na picha inayoombewa sharti iwe ile iliyo katika daftari la msajili. Aliyesajili nembo kwa rangi maalumu hawezi kuibadili rangi kwa kupenda. Mwenye alama na mwenye kuomba nao wawe mmoja, au awepo na idhini ya maandishi. Hapo ndipo ndugu wengi hujikwaa, kwa kuwa alama wameiandikisha kwa jina la mtu na biashara kwa jina la kampuni.

Mzee alikuwa amefaulu katika hayo yote. Kilichomwangusha ni jambo la pili: ofisi iliyomsajili. Watoa hati hukubali usajili wa ofisi zilizomo katika orodha yao tu. Orodha ya awali ilizitaja Marekani, Kanada, Umoja wa Ulaya, Uingereza, Ujerumani, Japani, Australia na Hispania. Baadaye imeongezwa, lakini Kigali haimo. Hatusemi kwamba cheti cha Kigali ni dhaifu, kwani mbele ya hakimu wa Rubavu kina nguvu zake zote. Ila tunaona si jambo la kupendeza kwamba mlango unaotumiwa na dunia nzima unalindwa kwa orodha fupi namna hiyo, na mkulima wa Nyamyumba asionekane ndani yake.

Njia ya kuuzunguka mlima huo ipo. Rwanda iliingia katika Itifaki ya Madrid mwaka 2013. Kwa itifaki hiyo, mwenye alama iliyoandikishwa Kigali aweza kupeleka ombi moja, kupitia Kigali, kwa Shirika la Haki Miliki Duniani (WIPO) huko Geneva, akizitaja nchi anazotaka alama yake ilindwe. Ada ya msingi ya nembo isiyo ya rangi ni faranga 653 za Uswisi, lakini waombaji wa nchi zilizo nyuma sana kimaendeleo, Rwanda ikiwamo, hulipa faranga 65. Juu yake huja ada za kila nchi iliyotajwa. Ofisi ya nchi hiyo ina miezi 12, na nyingine 18, ya kukataa. Kuandikwa Geneva peke yake hakutoshi kwa hati ya nembo. Sharti ofisi mojawapo ya zile za orodha iikubali. Tena kwa miaka 5 ya mwanzo usajili huo hutegemea ule wa Kigali, na wa Kigali ukifutwa, wa nje huanguka nao.

Kwa asiye na subira hiyo, tangu Septemba 2024 Gmail inakubali hati ya daraja la chini, CMC, isiyodai usajili, bali ushahidi kwamba nembo imekuwa ikionekana katika tovuti ya mwenyewe kwa miezi 12 au zaidi. Nembo huonekana, lakini alama ya buluu haipo.

Wasomaji wetu wa jeshi na polisi watauliza juu ya nembo za vikosi. Hizo si alama za biashara. Kanuni za hati ya VMC zinazo njia ya nembo za serikali, ambapo taasisi huonyesha sheria iliyoiweka nembo badala ya cheti cha msajili. Habari hii inatugusa, maana matapeli hupenda sana kuandika kwa nembo za dola na za Umoja wa Mataifa, wakiahidi nafasi za kulinda amani kwa ada kidogo. Umoja wa Mataifa hautozi ada yoyote katika kuajiri. Na nembo iliyobandikwa ndani ya barua yenyewe, hata ikiwa na dhahabu, haithibitishi lolote.

Sasa turudi Nyamyumba. Kabla ya nembo kufikiriwa, BIMI hudai mwenye anwani aweke amri iitwayo DMARC, inayoziagiza seva za dunia kuzitenga au kuzikataa barua zinazojidai kutoka kwake bila kuwa na sahihi zake. Amri hiyo huwekwa bila malipo. Mzee hakuwa nayo, na hilo ndilo tundu alilopitia mwizi. Kijana aliiweka kwa hatua, kwanza ya kutazama tu, kisha ya kukataa, baada ya kuhakikisha kwamba barua za halali hazizuiliwi. Haimzuii tapeli aliyekodi anwani inayofanana na yake kwa kupunguza herufi moja, na kwa ajili hiyo mnunuzi na mzee wamekubaliana kwamba habari yoyote ya akaunti itasemwa kwa simu.

Tulipoaga, jalada la Madrid lilikuwa mezani, likiitaja Ulaya peke yake, kwa nembo isiyo ya rangi. Mzee alikuwa akibishana na kijana wake kuhusu ngoma, kama inafaa kuchorwa upya kabla ya kupelekwa.