MWALIMU ALIYE JIRANI

Fungu la kusoma: Matendo 18:24–28

Leo tungependa kufikiri pamoja juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini limewashinda wengi wetu: kujifunza kwa mtu tunayekaa naye.

Katika fungu letu tunakutana na Apolo. Alikuwa mzaliwa wa Iskanderia, mji wa elimu. Msemaji hodari, tena mjuzi wa Maandiko. Huko Efeso alihubiri kwa bidii, ila alijua ubatizo wa Yohana tu. Miongoni mwa waliomsikia walikuwamo Prisila na Akila, mke na mume, mafundi wa kushona hema. Hawakumkatiza mbele ya watu, wala hatusomi kwamba walimsengenya. Walimchukua kwao, wakamweleza. Naye Apolo, pamoja na elimu yake yote, akapokea; kisha akawa msaada mkubwa kwa waumini wa Akaya.

Sasa tuje kwetu, Meru na Embu. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilianza kuwaruhusu Waafrika wa Meru, Embu na Kisii kupanda kahawa, zao ambalo awali lilikuwa la walowezi. Wako waliosita, wakihofu kwamba shamba likishapandwa kahawa litachukuliwa na Mzungu. Hofu ya namna hiyo haiondolewi na hotuba ya ofisa. Huondolewa na jirani anayepanda, akangoja miaka kama mitatu, akavuna, na shamba likabaki lake. Hata leo, mkulima hujifunza kupogoa mibuni kwa kusimama kando ya mwenzake mwenye kisu mkononi.

Chogoria nako kuna somo. Hospitali yake ilianza mwaka 1922, kazi ya Daktari Irvine wa misheni ya Kanisa la Scotland. Lakini maradhi mengi ya watoto huanzia nyumbani: maji yasiyochemshwa, choo kibovu, vyombo vilivyoachwa chini. Kwa hiyo, katika miaka ya 1970 na 1980, huduma ya afya ilipelekwa vijijini, na wanakijiji wa kujitolea wakafunzwa kuwashauri majirani zao.

Kwa nini jirani hufundisha vizuri? Kwanza, anaishi kama sisi. Anateka maji mto uleule na kupikia kuni zilezile. Hatuambii jambo tusiloweza kulifanya. Pili, tunaona matunda ya maneno yake uani mwake. Tatu, tukisahau tunaweza kumwuliza tena, hata usiku, bila kulipa nauli.

Hebu tufikirie mama ambaye mtoto wake anaharisha usiku wa masika, na barabara ni matope matupu. Nyumba ya pili yuko mama mwenzake anayejua dawa ya kwanza: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote bapa, anyweshwe kidogo kidogo, na kukipambazuka apelekwe hospitali. Lakini je, kama moyoni amesema, “Yule aliishia darasa la nne, atanifundisha nini?” Kiburi hicho ni cha mama, lakini atakayekilipia ni mtoto.

Ndugu zetu, kiburi kina mavazi mengi. Mzee hataki kufundishwa na kijana. Msomi hataki kufundishwa na asiyesoma. Hata makanisani tumo: Mmethodisti wa Kaaga, Mpresbiteri wa Chogoria na Mwanglikana wa Kigari, kila mmoja hudhani mwenzake hana la kumwongezea. Lakini Musa alikubali shauri la Yethro, mkwewe wa Midiani. Naamani, jemadari mkuu, alipata njia ya kupona kwa neno la kijakazi aliyetekwa.

Hatusemi tufuate kila tunaloliona. Jirani aweza kutufundisha pia ulevi na uvivu. Tufanye kama watu wa Beroya: tusikilize kwa moyo mweupe, kisha tupime kwa Maandiko. Nao wenye kujua wakumbuke Prisila na Akila: mwite mwenzako nyumbani, mwelezee kwa upole, usimwaibishe barazani.

Juma hili, kila mmoja wetu aende kwa mtu mmoja aliye karibu naye, hasa yule ambaye hajawahi kumwuliza neno, amwulize jambo moja analolijua vizuri. Kuuliza si ujinga.

Tuombe. Ee Bwana, umetuwekea walimu kando ya nyumba zetu, nasi tumewapita tukitafuta wa mbali. Utuondolee kiburi, utupe masikio ya kusikia, na utufanye sisi pia msaada kwa jirani. Kwa jina la Yesu. Amina.