Muhogo kwa Ng'ombe: Sehemu Zinazofaa na Zinazodhuru

Wafugaji wa Unguja na Pemba, pamoja na watumishi wanaofuga ng'ombe mmoja au wawili majumbani mwao, wanakumbushwa kwamba muhogo, ingawa ni mmea mmoja, si chakula kimoja kwa mnyama. Kila sehemu yake humeng'enywa kwa kiasi chake, na baadhi ya sehemu hizo zikilishwa mbichi zaweza kuua ng'ombe siku hiyo hiyo.

Kumeng'enywa maana yake ni hii: ng'ombe akila kilo 10 za chakula kikavu, na kinyesi chake kikikaushwa kikawa kilo 4, basi asilimia 60 ya chakula hicho imebaki mwilini. Tumbo kubwa si dalili ya lishe.

Mzizi humeng'enywa kuliko sehemu zote, zaidi ya asilimia 80, kwa kuwa karibu wote ni wanga. Hata hivyo protini yake ni asilimia 2 au 3 tu ya uzito mkavu, kwa hiyo peke yake hautoshi kumlisha ng'ombe wa maziwa, nao ukizidi huchachua tumbo. Isitoshe, muhogo unaofaa kupikwa ni chakula cha watu.

Jani ndilo lenye faida iliyosahauliwa. Kisamvu kikikaushwa, protini yake huwa kati ya asilimia 20 na 30, jambo ambalo nyasi za kiangazi hazilifikii hata kidogo. Humeng'enywa kiasi cha nusu hadi theluthi mbili, na jani changa hulishinda jani kuukuu. Mkulima asiyavue majani mmea ungali unakua, maana mizizi itadumaa. Ayatumie yale yanayoachwa shambani wakati wa kuvuna. Vichwa laini pamoja na vikonyo vyake hufaa pia. Ama mti uliokomaa ni kuni, na heri ubakie kuwa mbegu.

Sasa tuitaje sumu. Ndani ya muhogo mna kitu kiitwacho linamarini, ambacho mmea ukikatwa au kutafunwa hugeuka na kutoa sayanidi. Tumboni mwa ng'ombe mageuzi hayo huenda mbio, kwa sababu vijidudu vya tumbo vinavyomsaidia kumeng'enya huyasaidia na hayo. Muhogo mchungu una sumu zaidi, lakini asidanganyike mtu kwa muhogo mtamu: nyama yake ni salama ikipikwa, ilhali ganda na jani lake huweza kuwa na sumu nyingi.

Maganda ndiyo yanayotutia hofu zaidi. Katika mwezi wa Ramadhani, muhogo unapopikwa kwa futari nyumba baada ya nyumba, maganda hurundikana uani, na ng'ombe aliyekata kamba huyavamia kwa njaa. Yasitupwe ovyo, wala yasichomwe, yakaushwe.

Yakatwekatwe vipande vidogo, kwani kukata ndiko kunakoifungua sumu itoke. Sayanidi huchemka katika nyuzi joto 26 hivi, nalo jua letu la mchana hupita hapo, basi hewani hupotea. Yatandazwe juu ya jamvi au sakafu, tabaka jembamba, na kugeuzwa mara kwa mara: majani siku moja au mbili za jua kali, maganda zaidi ya hapo, mpaka yavunjike yakikunjwa. Yaliyoota ukungu yasilishwe. Wakati wa masika, jua linapokosekana, yakatwe na kushindiliwa ndani ya pipa au mfuko usioingiza hewa, yakae wiki tatu au zaidi. Mnyama aanzishwe kwa kidogo, yakichanganywa na majani aliyoyazoea.

Ng'ombe aliyedhurika huhema kwa kasi, hutoka mate, huyumba na kuanguka, na ufizi wake huwa mwekundu mno. Aondolewe chakula hicho papo hapo, na daktari wa mifugo aitwe bila ya kungoja asubuhi, kwani sindano ya kuiondoa sumu hiyo ipo, lakini haina faida ikichelewa.