Je, Wajua? Santuri ya Mzaliwa wa Nairobi
Je, wajua ya kuwa Roger Whittaker, ambaye sauti yake nzito yenye upole tuliisikiliza ujanani katika baridi ya Nunguni, juu ya milima ya Kilungu, alizaliwa Nairobi mwaka 1936? Nimeirudia santuri yake ya 1971, New World in the Morning, nikaifuta vumbi, na hakika ingali na ladha. Wimbo mashuhuri kuliko zote humo, The Last Farewell, ulitokana na shairi aliloletewa na msikilizaji wa redio, sonara wa fedha wa Birmingham, Uingereza. Wala Marekani haukupata sifa ila mwaka 1975, baada ya kupigwa redioni Atlanta. Whittaker alifariki Septemba 2023, na kwa ustadi wa kupiga mluzi sijamsikia mithili yake.