Kipimo cha sumukuvu kitangulie mizani

Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda, ikitaja sababu moja: sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu. Malori yakasimama mpakani Namanga yakiwa yamesheheni, na wafanyabiashara waliokuwa wamekwisha kumlipa mkulima, dalali, wapakiaji na dereva wakabaki kuhesabu gharama za kila siku. Zuio halikumaliza hata wiki, lakini lilipoondolewa liliacha masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti cha mahali ulikotoka, na kiwepo cheti kinachothibitisha kuwa aflatoksini haizidi mikrogramu 10 kwa kilo.

Tangu hapo, yeyote anayepeleka mahindi kaskazini anajua kwamba karatasi ya maabara ni sehemu ya bei. Kuna wanaouza vifaa vya kupimia, kampuni za ukaguzi zinazotoa vyeti, maabara za serikali na za binafsi, na wenye vinu walioajiri watu wa kupima kila lori linaloingia. Upimaji wa nafaka umekuwa biashara ndani ya biashara. Kasoro yake kubwa ni mahali unapofanyika. Mara nyingi mahindi hupimwa mpakani, bandarini au kiwandani, yakiwa yamekwisha kununuliwa, kuchanganywa na kusafirishwa mamia ya kilometa. Hapo kipimo hakiokoi kitu, kinaamua tu nani abebe hasara.

Sumu isiyoonekana

Aflatoksini hutengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus, hasa Aspergillus flavus, inayoshambulia mahindi na karanga shambani wakati wa ukame, kisha kushamiri ghalani penye joto na unyevu. Fumonisini, sumu nyingine inayopatikana sana kwenye mahindi, hutokana na kuvu aina ya Fusarium. Sumu hizi hazina harufu wala ladha ya kumshtua mlaji, na kupika ugali hakuziondoi. Punje inaweza kung'aa na bado ikawa na sumu.

Madhara yake yameandikwa kwa vifo. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kwa kula mahindi yenye aflatoksini. Mwaka 2016 janga kama hilo lilizikumba familia za Dodoma na Manyara. Na hao ni wale walioonekana. Anayekula kiasi kidogo kila siku haanguki, lakini sumu hiyo inatambuliwa kimataifa kuwa chanzo cha saratani ya ini.

Ndiyo maana kiwango cha pamoja cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo, mikrogramu 5 za aflatoksini B1, ambayo ndiyo kali zaidi, na miligramu 2 za fumonisini. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Lori la tani 30 likiwa na aflatoksini inayofika theluthi moja ya gramu limekwisha kuvuka mpaka huo. Hakuna jicho la mnunuzi, hata awe mzoefu vipi, linaloweza kuona kiasi hicho.

Kazi iko kwenye bambo

Wengi hudhani ugumu uko maabara. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya makosa hutokea kabla sampuli haijafika huko, wakati bambo linapochomwa kwenye gunia. Kuvu haisambai sawasawa. Punje elfu zinaweza kuwa safi, na moja ikabeba sumu ya kutisha. Watafiti wamewahi kupata punje ya mahindi yenye zaidi ya mikrogramu 400,000 kwa kilo. Punje moja ya namna hiyo, yenye uzito wa theluthi moja ya gramu, inatosha kuvusha zaidi ya kilo 10 za mahindi safi juu ya kiwango.

Kwa hiyo anayechoma gunia moja la juu, akachota konzi moja na kuipeleka maabara, amenunua jibu la bahati nasibu. Lori hilohilo likipimwa mara mbili linaweza kufaulu asubuhi na kufeli mchana, bila mtu yeyote kudanganya. Wafanyabiashara wanapolalamika kwamba cheti cha huku kimekataliwa na kipimo cha kule, mara nyingi chanzo ni hicho. Kwa shehena kubwa, Ulaya inataka sampuli ichotwe sehemu 100 tofauti hadi ifike kilo 10, kisha yote isagwe na kuchanganywa kabla ya kupima. Kilo 10 za mahindi kusagwa kwa ajili ya kipimo huonekana ni hasara, lakini ndiyo gharama ya jibu la kuaminika.

Baada ya kusaga, njia ni nyingi. Kipimo cha haraka, ambacho kwa muundo ni ndugu wa kile cha malaria, hutoa jibu kwa dakika chache: unga huchanganywa na kimiminika cha kuyeyusha sumu, huchujwa, kijiti huchovywa, na mashine ndogo husoma kiasi. Kipimo cha ELISA hufaa kinu au maabara yenye sampuli nyingi kwa siku. Juu yake ziko mashine kubwa za kutenganisha kemikali, ambazo jibu lake ndilo linalotegemewa penye mgogoro, na baadhi husoma sumu nyingi kwa mkupuo mmoja. Taa ya urujuanimno inayotumiwa na baadhi ya wanunuzi husaidia kushuku tu. Haitoi kiasi, na haipaswi kutumika kumhukumu muuzaji.

GMO ni swali jingine

Kipimo cha GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba, mara nyingi hutajwa sambamba na cha sumukuvu, lakini hujibu swali tofauti. Sumukuvu ni suala la usalama wa mlaji, popote alipo. GMO, katika biashara ya nafaka, ni suala la sheria za nchi na ahadi kati ya muuzaji na mnunuzi: je, mahindi haya ni ya aina iliyoruhusiwa hapa, na je, ni yale niliyoagiza?

Soko la vipimo hivi lilipata msukumo mkubwa mwaka 2000, pale mahindi ya StarLink, yaliyoruhusiwa nchini Marekani kwa chakula cha mifugo tu, yalipogunduliwa kwenye vyakula vya watu. Viwanda vikalazimika kuondoa bidhaa madukani, na kila ghala likataka kipimo. Umoja wa Ulaya unataka lebo pale chembe za GMO iliyoidhinishwa zinapozidi asilimia 0.9 ya kiambato. Nchi zetu zimeshika misimamo tofauti. Tanzania ilisitisha majaribio ya mahindi ya GMO Makutupora, Dodoma, mwaka 2018. Kenya ilipiga marufuku uagizaji mwaka 2012, baraza la mawaziri likaondoa marufuku Oktoba 2022, kisha suala likaenda mahakamani. Afrika Kusini inalima GMO kwa sehemu kubwa ya mahindi yake.

Kipimo kinaweza kutafuta protini mpya ndani ya punje kwa kijiti cha haraka, au kutafuta vinasaba vyenyewe kwa mashine ya PCR. Njia ya pili ni ghali zaidi, lakini husoma hata unga uliopitia joto, ambao protini yake imeharibika. Hesabu ya sampuli nayo ni nyepesi kuliko ya sumukuvu: ukichukua punje 300 bila kuchagua na zote zikakutwa safi, una uhakika wa asilimia 95 kwamba GMO haifiki asilimia 1 ya mzigo. Ukitaka uhakika huohuo kwa punje moja katika elfu moja, utahitaji kama punje 3,000.

Kwa mahindi yaliyolimwa Songea au Sumbawanga, ambako GMO hailimwi kibiashara, kupima kila lori ni kutumia fedha penye hatari ndogo. Cheti cha asili na rekodi za mbegu vinatosha kwa sehemu kubwa, na PCR ibaki kwa shehena zinazotoka nchi zinazolima GMO au kwa mnunuzi aliyeidai kwenye mkataba. Fedha ya kupimia ni kidogo. Ianzie kwenye sumu inayoua.

Nani alipe, na apate nini?

Gharama ya kipimo haijali ukubwa wa mzigo. Tuseme, kwa mfano tu, kuchukua sampuli na kupima kunagharimu shilingi 60,000. Kwa lori la magunia 300 hiyo ni shilingi 200 kwa gunia, fedha inayobebeka. Kwa mkulima mwenye magunia sita ni shilingi 10,000 kwa gunia, na hakuna atakayekubali. Hapo ndipo ushirika na ghala la pamoja vinapokuwa na maana ya kibiashara: vinakusanya mzigo mpaka kipimo kiwe nafuu.

Lakini hata kipimo cha bure hakitamvuta mkulima kama bei ni ileile. Leo aliyeanika kwenye turubai, akachambua punje mbovu na kununua mifuko isiyopitisha hewa analipwa sawa na jirani aliyeanika chini kwenye udongo. Kipimo kinamfikia kama adhabu tu. Soko likilipa nyongeza kwa mahindi safi, elimu ya sumukuvu itasambaa bila semina nyingi.

Na mahindi yanayokataliwa hayapotei. Hutafuta soko jingine: kinu kidogo cha mtaani kisichopima, au chakula cha mifugo. Kukoboa hupunguza sumu kwenye sembe kwa sababu nyingi yake hubaki kwenye pumba, lakini pumba hizo humfikia ng'ombe, na sehemu ya sumu humrudia binadamu ndani ya maziwa kwa umbo la aflatoksini M1. Mpaka unaokataa lori bila kufuatilia liendako umehamisha sumu, haujaiondoa.

Mahali pa kuanzia

Nyenzo nyingi tayari zipo. Tanzania ilianzisha mradi wa TANIPAC wa kudhibiti sumukuvu, na Aflasafe, kuvu isiyo na sumu inayosambazwa shambani ili kuishinda ile yenye sumu, imesajiliwa Tanzania na Kenya. Baadhi ya wasagishaji wa Kenya wamejiunga na mpango wa APTECA, unaowafundisha kupima mahindi yao wenyewe na kuhakiki usahihi wa majibu kwa sampuli zinazojulikana. Tanzania pia ina mfumo wa stakabadhi ghalani, uliojengwa kwa sheria ya mwaka 2005.

Mfumo huo ndio mahali pazuri pa kukiweka kipimo. Ghala lipokee mahindi baada ya kupima unyevu na sumukuvu, stakabadhi ionyeshe majibu, na mnada uendeshwe kwa madaraja ya ubora huo. Masoko ya nafaka kama Kibaigwa yawe na meza ya kupimia yenye bambo refu, mashine ya kusaga sampuli na mtu aliyefunzwa kuichota. Mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, TBS na KEBS, yakubaliane utaratibu mmoja wa kuchukua sampuli, ili cheti cha maabara yenye ithibati upande mmoja kikubalike upande wa pili na lori lisipimwe mara mbili kwa njia mbili.

Serikali ilipie vifaa vya mwanzo, kwa sababu anayelindwa ni mlaji. Wafanyabiashara wakubwa walipie uendeshaji, kwa sababu wao ndio wanaookoa gharama ya malori kurudishwa. Mkulima achangie kwa kuanika, kuchambua na kuhifadhi vizuri, na alipwe kwa kazi hiyo kwenye bei ya gunia. Msimu ambao nyongeza hiyo itaonekana kwenye mnada wa kwanza ndio msimu ambao mahindi safi yataanza kulipa.